Usiuze chungu cha bibi kwa kilo: kemia ya kutu, mafuta na chuma cheusi

Ukishuka kwenye daladala Kwa Sadala, pale barabara ya kupanda Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi–Arusha, huwezi kukosa kuwaona vijana wa chuma chakavu. Wana mkokoteni, wana mizani ya kuning'iniza, na wananunua kila kitu: rimu za baiskeli, vipande vya nondo, mabati, masufuria yaliyotoboka. Desemba iliyopita, wakati ule ambao Wachaga wote tuko njiani kurudi nyumbani, nilishuka pale na begi langu nikamkuta shangazi yangu amesimama mbele ya mkokoteni mmoja. Miguuni pake kulikuwa na chungu cha chuma cha miguu mitatu, chekundu kwa kutu utadhani kimepakwa udongo.

Nilikijua. Kilikuwa cha bibi.

"Shikamoo shangazi. Hicho chungu kinaenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kinaenda kupimwa. Kimekufa hicho, kuku wamekinywea maji miaka sita."

Nilimpa yule kijana wa mizani hela ya soda kwa kumpotezea muda, nikakibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kilo sita na kidogo. Shangazi njia nzima ananicheka: msomi wa kemia karudi likizo na kazi ya kusugua chombo cha kuku. Lakini mimi nilikuwa na sababu mbili za kukitaka. Ya kwanza ni bibi. Ya pili ni binamu yangu, ambaye kliniki walikuwa wamemwambia damu yake iko chini, akiwa na ujauzito wa miezi minne. Hiyo ya pili nitairudia huko mbele, maana ina mambo mengi ambayo watu huyasema vibaya.

Kwanza tuelewane: chungu cha chuma hakifi kwa kutu. Kinakufa kwa ufa. Kutu ni ngozi tu, na ngozi inatoka.

Hiki ni chuma gani hasa?

Chungu kama hiki, na vile vikaango vizito vyeusi ambavyo wengi tunaviita fraipani za zamani, ni chuma cha kusubu. Maana yake chuma kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, hakikufuliwa kwa nyundo. Siri yake ni kaboni. Chuma tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1538. Ukikiongezea kaboni kati ya asilimia 2 na 4, pamoja na silikoni kidogo, kinayeyuka kwenye 1150 hadi 1200 hivi, na kinakuwa chepesi kumiminika kama uji. Ndiyo maana Mwingereza Abraham Darby, mwaka 1707, aliweza kupata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga, na vyungu vya namna hii vikaanza kutengenezwa kwa wingi.

Hapa kwetu wahunzi walikuwepo muda mrefu kabla ya wageni. Wagweno wa Upare Kaskazini walikuwa na ukoo mzima wa wahunzi, Washana, na chuma chao kilipanda hadi Uchagani. Lakini tanuri zao hazikuyeyusha chuma kikawa maji. Zilitoa bonge lenye takataka ndani, ambalo mhunzi alilipasha moto na kulifua mpaka likawa jembe, mkuki au panga. Huwezi kufua chungu cha miguu mitatu namna hiyo. Kwa hiyo huku mlimani tulipikia vyungu vya udongo, na chungu cha chuma ni mgeni aliyekuja na misheni na masetla. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, halafu wakaja walowezi wa mashamba. Cha bibi kilitoka wapi, hakuna anayekumbuka. Kilikuwepo tu.

Hiyo kaboni ina faida na hasara. Ndani ya chuma cha kusubu imekaa kama vipande vidogo vya grafaiti, kitu kile kile kilichomo kwenye risasi ya penseli. Kila kipande ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Ndiyo maana kikaango hiki ukikidondosha sakafuni kinaweza kupasuka kama sahani, na ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto kinaweza kulia "ta!" na kazi ikaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujapoteza jasho, kikague. Kining'inize kwa mkono wake, kigonge na kijiko. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa sauti ya kukauka. Peleka sumaku: isiponata, hicho ni alumini na makala hii haikuhusu. Kikiwa kimepakwa enameli, ile rangi ngumu kama ya kioo, usikikwangue, namna ya kukitunza ni nyingine. Na hili ni muhimu kuliko yote: muulize aliyekuuzia kilifanya kazi gani. Vyungu vya chuma hutumiwa na watu wanaoyeyusha risasi, ile metali ya kwenye betri za magari, kwa ajili ya vizito vya nyavu au shughuli za gereji. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto na haisafishiki kwa kusugua. Kama hujui historia ya chombo na kina madoa ya kijivu yanayong'aa ndani, kiache kiende kwenye mizani. Cha bibi kilipikia makande, kikanyweshea kuku. Kuku tunawasamehe.

Kutu inaingiaje

Watu husema chuma "kimeliwa na maji". Maji peke yake hayali chuma. Kutu inahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja: chuma, maji na oksijeni. Sehemu moja ya uso wa chuma inaachia elektroni. Sehemu nyingine, hata ya jirani kabisa, oksijeni na maji vinazipokea. Maji ndiyo barabara kati ya hizo mbili. Ukitia chumvi kwenye maji, barabara inakuwa ya lami, mambo yanakwenda mbio. Ndiyo maana chombo kinachonyweshea mifugo, chenye pumba, chumvichumvi na kinyesi cha kuku, kinaoza haraka kuliko kilichoachwa kwenye mvua.

Tabia mbaya ya kutu ni kwamba haimlindi mwenye nyumba. Alumini nayo inaungana na oksijeni, lakini ngozi yake ni nyembamba, imebana, na inafunga mlango. Kutu ya chuma inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba, inabanduka, inakunywa maji kama sponji, na chini yake kazi inaendelea.

Jiko la bibi lilikuwa na dawa ya hili bila mtu kuiita dawa. Chungu kilikaa juu ya mafiga, kwenye moshi, hata masika ya Aprili ambapo nguo hazikauki wiki nzima. Moto ulikuwa haukauki maji tu; moshi na mafuta ya nyama vilikuwa vinakipaka kila siku. Tulipojenga jiko la kisasa lenye gesi na kigae, chungu kikahamia nje, na kutu ikajua.

Kukivua

Kama kina tabaka la zamani la mafuta yaliyoganda, lile linaloonekana kama lami, litoe kwanza. Watu wengi wanakitupa kwenye moto wa kuni mpaka kiwe chekundu. Usifanye hivyo. Chuma cha kusubu kikipata joto kali upande mmoja kinapinda au kupasuka. Chemsha ndani yake maji yenye magadi mengi, nusu saa, kisha sugua. Magadi ni alkali, na alkali hugeuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki soda inafanya hivyo kwa kasi zaidi, ila inageuza na ngozi ya mkono wako kuwa sabuni, na ikigusa sufuria ya alumini inatoa hidrojeni, gesi inayowaka. Kama si lazima, iache dukani.

Halafu kutu yenyewe. Kazi kubwa ni ya mikono: waya wa kusugulia masufuria, msasa, mchanga laini na kipande cha gunia. Nilisugua siku mbili. Ndani kwenye kona ambako mkono hauingii vizuri nikaona nitumie akili, nikajaza siki nusu kwa nusu na maji, nikaenda kulala.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Asidi ya kwenye siki inayeyusha kutu vizuri sana, tena kwa dakika thelathini tu unaiona inalegea. Lakini asidi haijui kusimama. Ikimaliza kutu inaanza chuma chenyewe, na unaiona inavyofanya kazi kwa vipovu vidogo vya hidrojeni vinavyopanda. Asubuhi nilikuta maji meusi na sehemu ya chini ina vijishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Vijishimo hivyo vipo mpaka leo. Wewe loweka nusu saa, toa, sugua, angalia. Kama bado, rudia nusu saa nyingine. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi iliyobaki, kisha maji safi.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda kwa sababu ni kuigeuza kutu irudi nyuma. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, na chaja ya betri ya gari. Chungu kinafungwa kwenye waya hasi, kipande cha nondo kwenye waya chanya, visigusane. Umeme unalazimisha elektroni kurudi kwenye chungu, vipovu vya hidrojeni vinainua kutu, na nondo ndiyo inayoliwa badala yake. Ifanyie nje penye hewa, zima chaja kabla ya kutia mkono, na usitumie kijiko cha chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo: ndani yake mna kromiamu, na umeme unaweza kuigeuza ikawa ya aina yenye sumu kali ndani ya maji yako. Mimi sikuitumia, chaja ya jirani ilikuwa kazini.

Chuma kilichovuliwa kinakuwa cha kijivu, kizuri kwelikweli, na kiko uchi. Hapo una dakika chache. Nilikisuuza, nikageuka kuchukua kitambaa, niliporudi kilikuwa na vumbi la rangi ya chungwa. Kifute, kiweke jikoni mara moja kwenye moto mdogo mpaka kikauke kabisa, hata vinyweleo vya ndani.

Mafuta yanayogeuka kuwa ngozi

Sasa sehemu niliyoijia. Umewahi kuangalia karai la kijiwe cha chips, upande wa nje? Lina ukoko mweusi, mgumu, unaong'aa, ambao hata sabuni ya unga haiutoi. Umewahi kushika shingo ya chupa ya mafuta ya kupikia iliyokaa miezi kabatini, ikanata kama gundi? Hayo ni mafuta yale yale katika hatua mbili za safari moja. Kuna mafuta yasiyokauka kamwe na kuna yanayokauka. Yanayokauka hayakauki kama maji, kwa kuondoka. Yanakauka kwa kushikana.

Molekuli ya mafuta ina mikia mitatu mirefu. Katika baadhi ya mafuta mikia hiyo ina sehemu zenye vifungo viwili, ambazo ni dhaifu mbele ya oksijeni. Joto na oksijeni vikifika, pale panapasuka, panabaki mkono ulio wazi unaotafuta wa kushika, na unashika mkia wa jirani. Huyo naye anashika mwingine. Baada ya muda huna tena molekuli mojamoja zinazoteleza. Una wavu mmoja mkubwa, polima, uliokamata kila kijishimo cha chuma. Wachoraji wa rangi za mafuta wameitegemea kemia hii kwa karne nyingi.

Kwa hiyo swali la "nipake mafuta gani" lina jibu la kupimika. Wanakemia hupima ni gramu ngapi za iodini zinazoweza kunywewa na gramu 100 za mafuta. Iodini inakaa kwenye vile vifungo viwili, hivyo namba kubwa maana yake mikono mingi ya kushikana. Mafuta ya kitani, yale ya rangi za mafuta, ni 170 hadi 200. Alizeti ya kawaida ni kama 120 hadi 140. Pamba ni 100 na kitu, karanga chini kidogo ya hapo. Mawese ni 50 hivi, samli 30 na ushee, na mafuta ya nazi hayafiki hata 12. Ndugu zetu wa Pwani wanisamehe, lakini nazi kwenye chungu kipya cha chuma itabaki kuwa mafuta tu. Kitani ndicho bingwa wa namba, ila wengi waliokitumia wanalalamika kuwa ngozi yake ni ngumu mno na hubanduka vipande. Bahati nzuri Singida na Dodoma wanatuletea alizeti kwa madumu. Hiyo inatosha kabisa.

Namna ya kupaka: pasha chungu mpaka kiwe vuguvugu, mimina kijiko kimoja tu cha mafuta, paka kila mahali, ndani, nje, miguu, mkono. Kisha chukua kitambaa kikavu, ufute mafuta yote kana kwamba ulipaka kwa bahati mbaya. Usicheke. Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili. Niliona tabaka nene litalinda zaidi, nikaacha linang'aa kwa mafuta. Likaganda juu, chini likabaki bichi, kwa sababu oksijeni haikupenya. Nilipata chungu kinachonata. Nzi wawili walikufa pale. Ikabidi nirudi kwenye magadi.

Baada ya kufuta, kinahitaji nyuzijoto 200 hadi 230 kwa saa moja. Mwenye oveni, kazi rahisi: kigeuze kifudifudi, basi. Sisi tulitumia mtindo wa kuokea keki, makaa chini na makaa juu. Chungu kifudifudi juu ya jiko la mkaa lenye moto wa wastani, kipande cha bati juu yake, makaa machache juu ya bati. Hatukuwa na kipimajoto. Kipimo ni moshi. Alizeti iliyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi karibu na 225. Ile ya kukamua mtaani hutoa mapema zaidi. Unataka moshi mwembamba wa buluu unaopungua wenyewe, hutaki wingu. Moshi huo unachoma macho kwa sababu una akrolini, kwa hiyo fanyia nje, na watoto wenye pumu wakae mbali. Moshi ukiisha, mkono mmoja umekwisha. Kiache kipoe chenyewe. Rudia mara tatu, nne. Wa kwanza utaona rangi ya kahawia, wa nne weusi.

Kwa nini uhangaike na uzito wote huu? Hesabu fupi. Ili kuipandisha gramu moja ya chuma nyuzi moja unahitaji jouli 0.45, alumini 0.90. Alumini inaonekana bora, sivyo? Lakini chungu changu ni kilo sita, na sufuria ya alumini ya ujazo ule ule haizidi kilo moja. Chungu kinabeba kilojouli 2.7 kwa kila nyuzi, sufuria 0.9. Mara tatu. Ukitia nyama baridi kwenye sufuria joto linaanguka, nyama inatoa maji, unachemsha ulichotaka kukaanga. Chungu hakitikisiki. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mkaa: unalipia joto lile lile mwanzoni, na chuma husambaza joto polepole, hivyo kati panaweza kuungua huku pembeni baridi. Kwa chai ya asubuhi, kuwasha chungu cha kilo sita ni ujinga. Kwa makande na machalari ya saa mbili, sina ubishi.

Kiburu na magadi

Siku ya Krismasi tulikaanga nyama ndani yake, hakuna hata kipande kilichonata. Shangazi hakusema kitu ila alikirudia kukiangalia mara tatu. Kesho yake akasema leo kiburu. Ndizi, maharage, na magadi yake kama desturi, ili maharage yalainike. Nilikuwa nimelala.

Nilipoamka kiburu kilikuwa cheusi, na ndani ya chungu kulikuwa na madoa ya kijivu ambapo ngozi yangu ya siku nne ilikuwa imetoweka. Fikiri kidogo utaona nilichopaswa kuona mapema. Nilitoa mafuta ya zamani kwa kuchemsha magadi nusu saa. Shangazi alifanya jambo lile lile, kwa saa mbili, akiwa na maharage ndani. Ngozi changa ya mafuta haiwezi kuvumilia alkali.

Na weusi wa kiburu je? Si uchafu. Ukimenya ndizi mbichi, mikono na kisu vinakuwa vyeusi. Ndizi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma inatengeneza rangi nyeusi. Wazungu waliandikia vitabu kwa wino wa namna hiyo karne na karne, chuma na tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni. Chuma kikiwa uchi, mtori wako utakuwa wino. Hauui, lakini wageni hawatagusa.

Basi kanuni ya nyumbani kwetu sasa ni hii: kinachotiwa magadi kinapikwa kwenye sufuria nyingine. Nyanya nyingi, ukwaju na ndimu navyo visubiri mpaka chungu kimezoea, miezi miwili mitatu ya kukaangia, maana asidi nayo inaingia kwenye nyufa za ngozi changa. Kuhusu sabuni, ile hofu kwamba sabuni inaua chungu ilikuwa na maana zamani, sabuni ikiwa na alkali kali iliyobaki. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya siku hizi haina nguvu hiyo juu ya polima iliyokomaa. Osha, usiloweke, kausha motoni, futa tone la mafuta. Kikichubuka, paka tena. Ni kama kusiriba nyumba ya udongo: ukarabati hauishi, lakini kila mmoja ni mdogo.

Damu ya binamu

Nilisema nitarudi. Upungufu wa damu kwetu si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Je, chungu cha chuma kinasaidia? Kuna ushahidi wa kweli. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Ethiopia: familia ziligawiwa kwa bahati nasibu, nyingine vyungu vya chuma, nyingine vya alumini, na baada ya mwaka mmoja watoto wa vyungu vya chuma walikuwa na damu nzuri zaidi. Chuma kidogo huingia kwenye chakula, hasa chakula chenye majimaji na uchachu, kinachopikwa muda mrefu.

Lakini watafiti walipopeleka vyungu vya namna hiyo vijijini Malawi miaka michache baadaye, familia nyingi hazikuendelea kuvitumia. Ni vizito, walisema, na vinashika kutu. Hapo ndipo mimi naona kemia ya jikoni inapokuwa na uzito: chombo kinachoweza kusaidia mtoto kinaachwa kwa sababu hakuna aliyeonyesha namna ya kukipaka mafuta.

Kuna mvutano hapa ambao sitaki kukuficha. Chungu kilichopakwa vizuri sana kinatoa chuma kidogo kuliko kilicho uchi. Ngozi inayozuia kutu inazuia na hicho. Halafu si chuma chote kinachoingia mwilini. Chai ikinywewa pamoja na chakula inakamata chuma kwa tanini zake. Chungwa au embe baada ya mlo hufanya kinyume, vitamini C inakisaidia kupita. Na malaria, minyoo au kutokwa damu havitibiwi kwa chungu. Binamu yangu aliendelea na vidonge vyake vya kliniki, na mimi ndiye niliyemwambia asiviache. Chungu ni nyongeza.

Ila usivuke upande wa pili pia. Mwaka 1929 daktari Strachan alieleza ugonjwa aliouona kusini mwa Afrika: maini yaliyojaa chuma kupita kiasi. Baadaye ilifahamika kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye vyombo vya chuma, madebe na mapipa, iliyonywewa kwa wingi miaka mingi. Pombe inayochacha ni asidi, inakaa siku kadhaa, inakula chombo. Mbege nayo inachacha. Mjomba alipoona chungu kimependeza akaanza kukipigia hesabu kwa ajili ya ubatizo wa Januari. Tulimnyang'anya. Mbege ibaki kwenye pipa la mti au la plastiki.

Nilirudi chuo wiki ya pili ya Januari nikakiacha kwa shangazi baada ya kukipaka upya mikono mitatu, na chupa ya alizeti pembeni yenye kitambaa kimefungwa shingoni. Mwezi wa tatu alinipigia. Machalari yanatoka meupe, amesema, na jirani wa juu naye ameshatoa chake stoo, anataka nimwelekeze kwa simu. Nikamwambia akigonge kwanza na kijiko, nisikie. Kikatoa sauti ya kukauka. Nikamwambia huyo kijana wa mizani yuko Kwa Sadala.